Mtoto yupo kwenye kijani, lakini je, anapanda?

Ukitoka kliniki na mwanao mgongoni, swali unalokutana nalo nyumbani ni moja: "Ana kilo ngapi?" Bibi anauliza, jirani anauliza, baba akirudi jioni naye anauliza. Unataja namba, kilo saba, kila mtu anaridhika, na kadi inarudishwa kwenye mfuko wake wa nailoni juu ya kabati mpaka mwezi ujao.

Kilo saba ni nyingi au ni chache? Namba hiyo ikiwa peke yake haijibu. Mtoto wa miezi minne mwenye kilo saba anaendelea vizuri. Mwenye umri wa mwaka mmoja na kilo hizohizo ana shida. Hata hao wa umri mmoja, kilo zao zikilingana, mmoja anaweza kuwa anapanda na mwingine amesimama. Kwa hiyo mzazi, wiki hii nakuomba ubadilishe swali. Badala ya "ana kilo ngapi", uliza "ameongezeka kiasi gani, na kwa muda gani".

Tuchukue mfano wa watoto wawili, na tuseme wote ni wa Kisiba, kule unakoshuka kutoka Tukuyu kuelekea Ziwa Masoko. Nimewatunga kwa ajili ya makala haya, ila muuguzi yeyote wa kliniki ya watoto atakwambia wanafika kila mwezi.

Wa kwanza ni wa kiume. Alizaliwa na kilo 3.2 na akanyonya vizuri. Mwezi wa kwanza alikuwa na kilo 4.3, wa pili 5.4, wa tatu 6.3, wa nne 7.0. Mwezi wa tano alikuwa na 7.1, wa sita 7.1, na juzi alipotimiza miezi saba mizani imeonyesha kilo 7.0.

Wa pili ni wa kike. Alizaliwa kabla ya siku zake akiwa na kilo 2.3. Alipofika miezi minne alikuwa na kilo 4.6, mwezi wa tano 5.1, wa sita 5.5, na sasa ana miezi saba na kilo 5.9.

Ukiwaweka wote wawili kwenye mkeka, wageni watamsifia wa kiume na kumhurumia wa kike. Kadi nayo, ukiisoma kwa rangi tu, itakuambia hivyohivyo: nukta ya mvulana bado ipo ndani ya njia ya kijani, ya msichana ipo chini kidogo ya kijani, kwenye kijivu. Mama wa mvulana atarudi nyumbani akiwa na amani. Mimi ningemzuia huyo kwanza.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Chukua uzito wa sasa, toa uzito wa zamani, kisha gawanya kwa idadi ya miezi iliyopita katikati. Jibu ni kiasi ambacho mtoto ameongezeka kwa kila mwezi, kwa wastani. Kijana wako wa sekondari amefundishwa jambo hili kwa Kiingereza, akilihusisha na kile wanachokiita fanksheni, yaani uhusiano ambao ukitaja kitu kimoja unapata kingine kimoja. Kwenye kadi ya kliniki ukitaja umri unapata uzito. Kwa Kiswahili cha kawaida tuliite kasi ya wastani ya badiliko. Kama hesabu zinakuchosha, itazame kwenye kadi yenyewe: ni mwinuko wa mstari unaounganisha nukta mbili. Mstari ukipanda, mtoto anaongezeka. Ukilala, amesimama. Ukiinama, anapungua.

Sasa tuwapigie hesabu watoto wetu tangu kuzaliwa hadi miezi saba. Mvulana ametoka kilo 3.2 hadi 7.0, ongezeko la kilo 3.8. Gawanya kwa saba: gramu 540 hivi kwa mwezi. Msichana ametoka 2.3 hadi 5.9, ongezeko la kilo 3.6, sawa na gramu 510 hivi kwa mwezi. Karibu wanalingana! Mtu akiishia hapo atasema wote wawili wanakwenda sawa.

Usiishie hapo. Gawa safari hiyo vipande viwili. Miezi minne ya kwanza mvulana alikuwa anaongezeka gramu 950 kila mwezi, na hiyo ni kasi nzuri sana. Miezi mitatu iliyofuata alitoka kilo 7.0 akafika kilo 7.0. Sifuri. Mwezi wa mwisho amepungua gramu 100. Msichana katika miezi mitatu hiyohiyo ametoka 4.6 hadi 5.9, kilo 1.3, yaani gramu 430 kwa mwezi, na huo ndio mwendo wa mtoto mwenye afya wa umri wake. Alianza chini kwa sababu alizaliwa mdogo, lakini anapanda. Bado anahitaji kufuatiliwa kwa karibu, maana kijivu si rangi ya kupuuza, ila mama yake anastahili kuambiwa kwamba anachofanya kinafanya kazi. Mvulana alianza juu na sasa anaishi kwa akiba. Mwezi mmoja au miwili zaidi ya hivyo na atatoka kwenye kijani, na watu watasema ameporomoka ghafla, wakati kadi ilishaonyesha tangu mwezi wa tano.

Wastani una tabia hii: unafunika yaliyotokea katikati. Anayesafiri kutoka Tukuyu kwenda Kyela anashuka karibu mita elfu moja katika safari ya kilomita hamsini hivi. Kwa wastani ni mita 20 kwa kila kilomita, mteremko laini tu. Mwambie hivyo dereva wa lori la ndizi uone atakavyokucheka. Yeye anajua kuna vipande vya kushikilia breki na kuna vipande vya kupanda tena. Wastani wa safari nzima haukudanganyi, ila haukuambii ulipo sasa. Kwa mtoto, kipande unachotakiwa kukijua ni hiki cha mwisho.

Hapo utauliza: basi mtoto wa miezi kumi anatakiwa aongezeke sawa na wa miezi miwili? Hapana, na hapa ndipo wazazi wengi waangalifu wanapojitia hofu bila sababu. Kasi hupungua yenyewe kadiri mtoto anavyokua. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa katikati huongezeka kama kilo moja kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni gramu 500 kwa mwezi. Kati ya miezi sita na mwaka ni gramu 280 hivi. Mwaka wa pili ni gramu 220 hivi kwa mwezi. Wasichana ni pungufu kidogo. Ndiyo maana mistari iliyochapwa kwenye kadi huanza kwa mwinuko mkali kisha ikajikunja kuelekea ubavuni, kama kilima kinachofika kileleni. Kupunguza mwendo ni kawaida. Kusimama si kawaida. Na siku za kwanza kabisa kasi ni hasi kwa karibu kila mtoto: mchanga hupoteza hadi sehemu moja ya kumi ya uzito aliozaliwa nao, kisha huurudisha ndani ya wiki mbili. Aliyezaliwa na kilo 3.2 akapimwa siku ya nne akiwa na kilo 3.0, mama asilie wala asikimbilie maziwa ya kopo. Amnyonyeshe mara kwa mara, na arudi apimwe.

Tukirudi kwa mvulana wetu: mwenzake wa katikati huongezeka kilo 1.3 kati ya mwezi wa nne na wa saba. Yeye ameongezeka sifuri. Deni lake ni hilo.

Sasa swali la muda. Ukichagua muda mrefu mno, tatizo la jana linafunikwa na neema ya mwanzo, kama tulivyoona. Ukichagua muda mfupi mno, unaanza kupima vitu ambavyo si mtoto. Mtoto aliyetoka kunyonya ana maziwa tumboni. Aliyeharisha asubuhi amepoteza maji. Mizani ya kuning'iniza ikitikisika, au isipowekwa kwenye sifuri kabla hajawekwa mtoto, inaweza kukosea gramu mia moja kwa urahisi. Gramu mia ndani ya wiki moja ni kubwa, inaweza kukutia furaha ya bure au kukunyima usingizi. Gramu hizohizo zikigawanywa kwa miezi mitatu hazifiki hata 35 kwa mwezi.

Na kuna jambo la hapa kwetu. Baridi ya Tukuyu ya Juni na Julai mnaijua. Mtoto aliyepimwa Februari akiwa na nepi tu, Julai anapimwa akiwa na sweta la kufuma, kofia, soksi na suruali mbili, na nepi imelowa. Hizo ni gramu mia kadhaa ambazo si nyama wala mfupa wake. Mama anafurahi kwamba mwanawe ameongezeka, kumbe ni sufi. Nawaomba wauguzi na akina mama: mvueni, hata kama analia. Madirisha yafungwe, apimwe haraka, avalishwe. Mizani ile ile, nguo nyepesi zile zile, kila mwezi.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili asiye na ugonjwa, mimi hutazama nukta tatu za mwisho zilizopimwa mwezi hadi mwezi. Mwezi mmoja bila kuongezeka ni wa kuuliza maswali. Miezi miwili mfululizo ni wa kuchukua hatua siku hiyohiyo. Chini ya miezi sita sisubiri hata huo wa pili.

Halafu wapo wanaoruka miezi. Masika ya Rungwe si mchezo, njia zinateleza, na msimu wa kazi shambani mama anaona afadhali aikose kliniki kuliko kukosa kibarua. Akirudi baada ya miezi mitatu, mtoto wa kike aliyekuwa na kilo 6.8 alipokuwa na miezi mitano sasa ana 7.4 akiwa na miezi minane. Mtu anasema, "Ameongezeka gramu 600, hongera!" Lakini hizo gramu 600 ni za miezi mitatu. Zigawe: 200 kwa mwezi, wakati wenzake wa umri huo wanaongezeka kama 330. Hongera hiyo imetolewa mapema. Kosa la kusahau kugawa kwa miezi halisi ndilo ninalolikuta mara nyingi kwenye kadi zilizorukwa, na wakati mwingine hata nukta yenyewe huwekwa kwenye mwezi usio wake, mstari ukaonekana mkali kuliko ukweli. Kabla hujaondoka dirishani, hakikisha nukta imekaa juu ya mwezi wa umri wa mtoto, siyo karibu tu na nukta ya mwisho.

Tuje kwenye linaloniuma zaidi. Mbona mstari hulala mara nyingi kuanzia mwezi wa nne, wa tano, wa sita, na katika nchi kama hii?

Maana Rungwe haina njaa ya kuonekana. Mvua ipo. Ndizi zipo mwaka mzima, viazi, magimbi, maharage, maparachichi yanayoanguka chini na kuliwa na nguruwe. Ng'ombe wa maziwa yupo nyuma ya nyumba nyingi. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa ya nyanda za juu kusini, ile inayolisha nchi, ndiyo iliyokuwa juu kabisa: Iringa zaidi ya nusu ya watoto, Njombe karibu nusu. Chakula kingi shambani na mtoto aliyedumaa jikoni vinakaa pamoja bila kugombana.

Sababu moja ni kazi. Mama anayechuma chai huondoka alfajiri, na mtoto anabaki na dada yake au bibi. Kunyonya kunapungua kutoka mara kumi hadi mara nne au tano kwa siku, na nafasi inajazwa na uji mapema kabla ya miezi sita, wakati alipaswa kunyonya tu. Kwa mwenye mtoto wa chini ya miezi sita, maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwenye kikombe safi na kufunikwa yanaweza kumsubiri bibi ayatumie. Si jambo geni, ni la kuzoea tu.

Sababu nyingine ni uji wenyewe. Akitimiza miezi sita mtoto huhitaji chakula juu ya maziwa ya mama, lakini tumbo lake ni dogo. Ukimjaza uji mwepesi unaotiririka, ameshiba maji. Uji uwe mzito kiasi cha kutulia kwenye kijiko usipouinamisha. Mbalaga iliyopondwa vizuri kwa maharage yaliyochujwa maganda, kipande cha parachichi, kijiko cha karanga zilizosagwa, yai, dagaa wa Ziwa Nyasa waliosagwa unga: hivi vyote viko ndani ya wilaya au jirani yake, na hakuna hata kimoja kinachohitaji duka la dawa. Miezi sita hadi minane apewe mara mbili hadi tatu kwa siku, miezi tisa na kuendelea mara tatu hadi nne na kitu cha kutafuna katikati, na kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Na maziwa ya ng'ombe. Najua lita zinahesabiwa, na fedha ya kituo cha kukusanyia maziwa ndiyo ada ya shule. Lakini nyumba inayotoa lita nane kila asubuhi na kumpa mtoto wa miezi kumi chai ya rangi imekosea hesabu mahali. Kikombe kimoja kilichochemshwa, kikatiwa kwenye uji au kwenye ndizi, hakitaonekana kwenye malipo ya mwezi. Kitaonekana kwenye mstari. Kabla ya mwaka mmoja kisichukue nafasi ya titi, kiwe cha kuchanganyia chakula tu. Chai, hata hii yetu inayosifiwa nje, haina kazi kwenye tumbo la mtoto mchanga, na ikinywewa na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Si kila mstari uliolala ni wa chakula. Malaria, hasa kwa mnaoishi huku chini kwenye joto zaidi, kuhara kunakojirudia, kikohozi kisichoisha, maambukizi ya njia ya mkojo ambayo mtoto hawezi kuyasema, VVU, kifua kikuu kutoka kwa mtu mzima wa nyumbani. Kwa hiyo mtoto aliyesimama miezi miwili apimwe pia, siyo mama yake kuhubiriwa lishe na kurudishwa nyumbani. Mkipewa mahubiri peke yake, ombeni vipimo kwa adabu: "Dada muuguzi, hajaongezeka tangu mwezi wa nne, naomba tumtazame kama ana ugonjwa." Ukiwa na hesabu yako mkononi utasikilizwa tofauti na ukisema "naona kama amekonda".

Kuna tahadhari moja ambayo hesabu zote hizi haziioni. Mtoto mwenye kwashakoo huvimba miguu kwa maji, na maji yana uzito. Mstari wake unaweza kupanda huku mwenyewe anazama. Bonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba huku ukihesabu polepole hadi tatu, miguu yote miwili. Shimo likibaki, kilo zake usiziamini, mpeleke kituo cha afya leo. Vivyo hivyo mwenye miezi sita na kuendelea ambaye utepe wa mkono umesoma chini ya sentimita 11.5. Anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au aliyepata degedege, huyo hangoji siku ya kliniki wala hesabu yoyote.

Baadhi ya wazazi hunijibu kwamba ukoo wao ni wadogo. Inawezekana. Ila mistari ya kadi haikuchorwa kwa kubahatisha. Wazo la kadi ya ukuaji inayokaa kwa mama lilienea Afrika kutokana na kazi ya daktari Mwingereza David Morley katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria. Viwango vinavyotumika sasa vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani ambao mama zao waliwanyonyesha na hawakuvuta sigara. Watafiti walikuta kwamba watoto wa nchi hizo zote, wakilishwa vizuri na kutunzwa, hukua kwa urefu karibu sawa katika miaka ya mwanzo. Ukoo unaweza kumweka mtoto kwenye mstari wa chini. Haumzuii kupanda sambamba na mstari huo.

Urefu nao una kasi yake. Mtoto wa kiume huzaliwa na kama sentimita 50 na hufika mwaka akiwa na 75 au 76, zaidi kidogo ya sentimita mbili kwa mwezi. Mwaka wa pili ni kama sentimita moja kwa mwezi. Kilo zikipotea zinaweza kurudi ndani ya wiki chache. Sentimita zilizopotea katika miaka miwili ya kwanza ni ngumu kuzirudisha, na ndizo zinazoitwa udumavu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene wa mashavu, akasifiwa. Kwa hiyo omba apimwe urefu pia, hata mara moja kwa miezi mitatu, na uigawe kwa njia ileile.

Habari njema kwa mama wa mvulana wetu ni kwamba mwili wa mtoto hulipa deni ukipewa nafasi. Akitibiwa kilichomsumbua na kulishwa vizuri, hukimbia kuliko wenzake kwa muda. Mwenzake wa miezi saba hadi tisa huongezeka gramu 300 kwa mwezi. Yeye akiongezeka 600 usishangae wala usimpunguzie chakula ukidhani anazidisha. Anarudi kwenye njia yake. Kasi hiyo itapoa yenyewe akifika.

Na ninyi watu wazima mnaosoma safu hii kwa ajili ya magonjwa yenu, hesabu ni hiyohiyo ila muda hubadilika. Mtu wa kilo 60 aliyepoteza kilo tatu katika nusu mwaka bila kujinyima wala kuongeza kazi, gramu 500 kila mwezi, haoni mabadiliko kwenye kioo. Hiyo ni sehemu tano katika mia ya mwili wake na inatosha kwenda kupimwa sukari, VVU, na kifua kikuu hasa kama anakohoa au anatoka jasho usiku. Mjamzito akiongezeka zaidi ya kilo moja ndani ya wiki, uso na mikono ikavimba, kichwa kikauma au macho yakaona vimulimuli, aende hospitali siku hiyo akapimwe presha na mkojo. Na mgonjwa ambaye moyo wake umechoka, kwake siku tatu ni muda mrefu: kilo mbili ndani ya siku tatu ni maji yanayojikusanya, siyo ugali. Ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, aandike kwenye daftari, na aende na daftari hilo kwa daktari.

Wewe mwenye mtoto, itoe ile kadi juu ya kabati leo usiku. Tafuta nukta tatu za mwisho, andika kilo na mwezi wa kila moja pembeni ya karatasi, toa, gawanya. Kama mwana wa sekondari yupo nyumbani, mpe yeye akusaidie. Jibu likiwa sifuri au chini ya hapo, usingoje siku ya kliniki ya mwezi ujao, nenda kesho asubuhi na karatasi hiyo mkononi.